Maji Yanafika Wapi? Jinsi Ardhi Oevu Inavyochorwa na Kupimwa Thamani

Miaka kadhaa iliyopita, mwezi Septemba, nilisimama na mzee mmoja mvuvi ukingoni mwa bonde la Kilombero, upande wa Ifakara. Nilikuwa na kifaa cha GPS na ramani niliyoichapisha jana yake. Nikamuuliza, "Mzee wangu, maji huwa yanafika wapi hapa?" Akanitazama, kisha naye akaniuliza: "Ya mwaka gani, mwanangu?"

Sikuwa na jibu. Ramani yangu ilitokana na picha ya setilaiti ya kiangazi. Ilionyesha mto, vidimbwi viwili vitatu na ukanda mwembamba wa matete. Mzee akanitoa nje kabisa ya mstari wangu mpaka kwenye mti mmoja, akaweka kiganja kwenye shina, usawa wa kifua chake, mahali palipobaki alama ya tope kavu. "Haya ni ya masika iliyopita." Kisha akageuka akanionyesha kichuguu kilichokuwa mbali nyuma yetu. "Yale ya El Niño yalipita pale."

Tangu siku hiyo, kila ninapoletewa ramani ya ardhi oevu, kitu cha kwanza ninachotafuta ni mwezi ambao picha ilipigwa. Ukikosekana, sisomi mengine.

Watu wengi wakisikia "ardhi oevu" hufikiria kinamasi chenye mafunjo na mbu. Maana yenyewe ni pana zaidi. Mkataba wa Ramsar, uliotiwa saini mjini Ramsar, Iran, tarehe 2 Februari 1971, na ambao Tanzania ilijiunga nao mwaka 2000, unahesabu maeneo ya majimaji ya asili na ya kutengenezwa, ya kudumu na ya msimu, maji yaliyotuama na yanayotiririka, yawe baridi au ya chumvi, hata bahari ambayo kina chake hakizidi mita 6 maji yakiwa yamekupwa. Kwa hiyo mikoko ya Rufiji imo. Majaruba ya mpunga ya Usukumani yamo. Mbuga za udongo mweusi zinazojaa maji Machi na kupasuka nyufa Agosti zimo, na vile vibonde vya Iringa na Njombe ambako watu hulima vinyungu vyao wakati mashamba ya mlimani yamekauka, navyo vimo. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni kwamba takriban asilimia 10 ya Tanzania ni ardhi oevu. Sehemu kubwa ya hiyo, ukiipita kiangazi kwa gari, utaapa kuwa ni nchi kavu.

Setilaiti inatusaidia sana, lakini lazima ujue inachoona na isichokiona. Picha za Landsat zipo tangu mwaka 1972, na zile za miongo ya karibuni zinaonyesha ardhi kwa vipande vya mita 30 kwa 30. Zile za Sentinel-2, setilaiti nyingine, hufika hadi vipande vya mita 10 kwa 10. Maji humeza aina ya mwanga ambao jicho letu halioni, unaoitwa infraredi, hivyo kwenye picha ya mwanga huo ziwa huwa jeusi na majani mabichi hung'aa. Kazi ingekuwa rahisi kama si mambo mawili. La kwanza, bonde hujaa maji wakati uleule ambapo mbingu imejaa mawingu, kwa hiyo picha safi tulizonazo nyingi ni za kiangazi. La pili, si kila cheusi ni maji. Nyasi zilizochomwa moto juzi huwa nyeusi. Kivuli cha milima ya Udzungwa asubuhi huwa cheusi. Nimewahi kuona ramani yenye "ziwa" refu jembamba chini ya mteremko, na ziwa hilo lilikuwa kivuli.

Ndiyo maana siku hizi tunategemea rada. Setilaiti za Sentinel-1, ambazo ya kwanza ilirushwa mwaka 2014, hutuma mawimbi yanayopenya mawingu, usiku na mchana. Mawimbi yakipiga maji matupu yaliyotulia, huteleza na kwenda zake, na picha huwa nyeusi. Yakipiga maji yaliyofichwa chini ya matete, hudunda kwenye maji, yakagonga mashina, yakarudi kwa nguvu, na picha inang'aa kuliko matete yaliyosimama pakavu. Hivyo tunaweza kuona maji ya masika chini ya majani, bila kungoja mbingu itakate. Ukipanga picha za mwaka mzima moja juu ya nyingine, unapata ramani inayosema mahali fulani pamekuwa na maji miezi miwili, pengine sita, pengine kumi na miwili. Ramani ya namna hiyo angalau inaanza kulijibu swali la mzee.

Hata hivyo rada haitakuambia kama yale maji yako kwenye jaruba lililochimbwa mwaka jana au kwenye bwawa lililokuwapo tangu enzi za mababu. Hapo lazima ushuke, na chombo chetu ni kekee ya kuchimbia udongo, chuma chenye mpini kama wa msalaba. Unazungusha, unavuta, unalaza udongo kwenye turubai kwa mpangilio uliotoka nao. Sentimita 20 za juu, kahawia au nyeusi, mizizi mingi. Chini yake, kama maji hukaa hapo muda mrefu, udongo hugeuka kijivu, kwa sababu hewa imekosekana na chuma kilichomo kimepoteza wekundu wake. Ndani ya ule ukijivu utaona madoadoa ya rangi ya kutu kando ya vijia vya mizizi ya zamani, mahali ambapo hewa ilipenya maji yaliposhuka. Wakati mwingine udongo unapanda na harufu ya yai viza. Mtu anaweza kufyeka matete, akachimba mtaro, akajenga, akapanda mahindi, na bado madoadoa yale yatakaa huko chini miaka na miaka. Kiwanja kinachouzwa kwa maneno "hapa hapajawahi kutuama maji" kinaweza kukaguliwa kwa kekee moja na dakika kumi.

Mipaka inagusa sheria pia. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia shughuli za kudumu za kibinadamu ndani ya mita 60 kutoka ufukwe wa bahari au ziwa, kingo za mto na bwawa. Kwa mto wenye kingo, unavuta futi unamaliza. Lakini bonde la mafuriko halina ukingo, linafifia tu polepole hadi linakuwa shamba. Wananchi hutuuliza, "Hizo mita 60 zinaanzia wapi?" Ni swali la mzee yuleyule kwa maneno mengine, na ni haki yao kulijua kabla mtu hajapaka alama nyekundu ya X kwenye ukuta wa nyumba.

Sasa thamani. Hapa ndipo wataalamu wenzangu nami tunapogombana kidogo.

Ramsar ina vigezo tisa vya kuliita eneo kuwa la umuhimu wa kimataifa, na kimoja kikitimia kinatosha. Vingine ni vya kuhesabu: ndege wa majini 20,000 au zaidi kwa kawaida, au asilimia 1 ya ndege wote wa aina moja au jamii moja ndogo. Bonde la Kilombero liliorodheshwa mwaka 2002, hekta 796,735. Wakati huo lilikadiriwa kuwa na karibu robo tatu ya sheshe wote duniani, yule swala mwekundu wa mbuga za majimaji. Hesabu za baadaye zilionyesha wamepungua mno, mifugo na mashamba yakiwa yamebana malisho yao. Kuna pia ndege aina ya mnana aliyetambuliwa na sayansi mwaka 1990, anayeishi kwenye matete ya bonde hilo, na vindege vingine viwili vidogo vya huko vilivyopewa majina yao ya kisayansi mwaka 2021 tu. Eneo kubwa, wanyama wengi, ndege wa pekee: kwa Kilombero hakuna mtaalamu anayebisha.

Panda sasa mlima kutoka bondeni, ufuate Mto Kihansi unaomwaga maji yake Kilombero. Kwenye korongo la mto huo, chini ya maporomoko, palikuwa na hekta chache tu za majani na ukoka uliolowa kwa manyunyu ya maporomoko usiku na mchana. Hakuna samaki wa kuvua, hakuna malisho wala mpunga. Kwenye picha ya Landsat eneo lile ni vipande vichache sana, tena ndani ya kivuli cha korongo. Mwaka 1996, ujenzi wa bwawa la umeme ukiwa umeshaanza, watafiti wakakuta humo chura wa rangi ya dhahabu, mdogo kiasi cha kukaa kwenye ukucha wa dole gumba, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai. Hapatikani mahali pengine popote duniani.

Mitambo ilipoanza, maji mengi yakapelekwa kwenye mahandaki na manyunyu yakakatika. Zikawekwa mashine za kunyunyizia. Mwishoni mwa mwaka 2000 vyura takriban 500 wakapelekwa Marekani kufugwa. Mwaka 2003 waliobaki korongoni wakapukutika, ugonjwa wa kuvu ukishukiwa, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa wametoweka porini. Mwaka 2010 kundi la kwanza likarudishwa Dar es Salaam, na 2012 wakaanza kuachiwa Kihansi. Watu walicheka sana, vyura kupanda ndege kwenda Marekani wakati wao hawajawahi. Mimi pia nilicheka. Lakini gharama ya safari ile yote ingekuwa ndogo kuliko hivyo kama ramani ya awali ya mradi ingekuwa na alama moja mahali pale.

Chukua basi fomu ya kawaida ya kutathmini ardhi oevu. Samaki, alama 0 hadi 5. Malisho, 0 hadi 5. Kilimo, kuzuia mafuriko, kusafisha maji, ndege, mila na matambiko. Mwisho unajumlisha na kugawanya. Kwa fomu hiyo Kihansi ingeshika mkia nyuma ya dimbwi la kunyweshea ng'ombe. Kwa hiyo nasema waziwazi, ingawa baadhi ya wenzangu hawapendi: wastani haufai kupima thamani ya uhifadhi. Mahali penye kitu kisichokuwapo pengine popote, alama ile moja inatosha, hizo nyingine ziandikwe pembeni.

Kosa jingine ni kutafuta thamani ndani ya mpaka wa ramani. Kinamasi cha Ihefu, kule Usangu, ni kama beseni. Maji ya mito ya Mbeya na Njombe huingia, na pa kutokea ni mahali pamoja tu, kwenye kizingiti cha mwamba kinachoitwa Ng'iriama. Usawa wa maji ukiwa juu ya mwamba, Mto Ruaha Mkuu unatiririka. Ukishuka chini ya mwamba hata kwa kimo cha kidole, haitoki hata kata moja, ingawa nyuma yake bado kuna kinamasi kikubwa kinachometameta. Kuanzia mwaka 1993 mto ule ukawa unakauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa Ruaha, viboko wakibanana kwenye vidimbwi vya tope. Aliyesimama Ihefu siku hizo aliona maji. Hasara ilikuwa inaonekana kilomita nyingi chini ya mto.

Ninaulizwa mara nyingi kama thamani hizi haziwezi kutajwa kwa fedha tu, tukaelewana. Zinaweza, pale kazi ya kinamasi ina mbadala wenye bei. Utafiti wa mwaka 1999 kuhusu kinamasi cha Nakivubo jijini Kampala, kinachochuja majitaka kabla hayajaingia Ziwa Victoria, ulikadiria huduma hiyo hadi dola milioni 1.75 kwa mwaka, kwa kulinganisha na gharama ya mitambo ya kufanya kazi hiyohiyo. Hesabu nzuri, imesaidia. Chura wa Kihansi hana mtambo mbadala.

Kwa wanakijiji watakaotembelewa na wapimaji: najua watu wa GPS wakionekana, wazo la kwanza ni kuhamishwa. Hofu hiyo haikuzuka hewani, wapo waliohamishwa. Bado ni heri mpimaji aliyezungushwa na wenyeji kuliko aliyechora akiwa ofisini. Muulizeni picha zake ni za mwezi gani. Mpelekeni kwenye alama za mafuriko. Mwambieni majina ya mahali, kwa sababu jina kama "Majimoto" au "Kwamamba" lina habari ambayo setilaiti haina. Na wapelekeni akina mama pia, maana wao wanajua kisima kipi hakikauki Oktoba, jambo ambalo mikutano ya hadhara hailitoi.

Kule Kilombero tulirudi mwaka uliofuata na ramani mpya. Ilikuwa na mistari mitatu: maji ya kila mwaka, maji ya masika kubwa, na yale ya El Niño. Tukaitandaza chini ya mwembe, tukaibana kwa mawe. Mzee akaiangalia muda mrefu, akapitisha kidole kwenye mstari wa nje hadi kwenye kichuguu chake, akatikisa kichwa kukubali. Kisha kidole kikarudi ndani, kikasimama kati ya mstari wa kwanza na wa pili, mahali ambapo sisi tuliacha peupe.

"Na hapa, maji yakianza kupanda, ndipo kambare wanapoingia kuzaa. Mbona hamkuandika?"

Nikampa kalamu.