Viambishi tamati vya Kiingereza: jua kwao, utajua mkazo

Nafundisha Kiingereza hapa Mtwara, na wanafunzi wangu wengi wanatoka Newala, Tandahimba na Masasi. Karibu wote wamekaririshwa orodha ya viambishi tamati, yaani vipande vinavyoongezwa mwishoni mwa neno: hiki huunda nomino, kile kivumishi. Orodha hiyo ni sahihi, ila imeacha jambo kubwa. Kila kiambishi kina kwao, na tabia yake hutoka huko.

Vya zamani kabisa ni vya makabila ya Kijerumani yaliyohamia Uingereza kuanzia karne ya 5. Baadhi vilikuwa maneno kamili. -dom ya kingdom ilikuwa dōm, yaani hukumu au sheria. -hood ya childhood ni hād, hali au daraja la mtu. Sisi kazi hiyo huifanya mwanzoni mwa neno kwa u-: ufalme, utoto.

Ninachokisimamia zaidi darasani ni -less. Wengi hukichanganya na less yenye maana ya pungufu, wakadhani fearless ni mtu mwenye woga kidogo. Sivyo. Asili yake ni lēas, maana yake kutokuwa na kitu, na ni ndugu wa loose. Fearless hana woga hata chembe. Homeless hana makazi kabisa.

Mwaka 1066 Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, waliiteka Uingereza, na Kifaransa kikatawala ikulu na mahakamani. Kwa njia hiyo, na baadaye kwa vitabu vya Kilatini, zikaingia -tion, -ity, -ment na -able. Kigiriki kilileta -ism, -ist na -logy. Mahakama ndiyo iliyoikuza -ee, inayomtaja mtendwa: ukipanga nyumba Shangani hapa mjini kwa mkataba wa Kiingereza, lessee ni wewe mpangaji, lessor ni mwenye nyumba. Soma vizuri kabla ya kutia saini.

Sasa mkazo, yaani silabi inayotamkwa kwa nguvu zaidi; hapa naiandika kwa herufi kubwa. Kiswahili huuweka kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila tunapourefusha mnyambuliko unasogea: PIga, piGAna, pigaNIa. Kimakonde nacho huivuta silabi hiyohiyo. Ndiyo maana mwanafunzi wa huku hutamka hapPIness na neighBOURhood, ingawa viambishi vya Kijerumani haviusogezi mkazo: HAPpy, HAPpiness, NEIGHbour, NEIGHbourhood. Namwambia aliache shina kama lilivyo, amalizie kiambishi kwa wepesi.

Kwa -tion na -ic mambo yanageuka, na hapa huwa nafurahi kweli, kwa sababu masikio yetu yanatuelekeza sawasawa. EDucate inakuwa eduCAtion, HIStory inakuwa hisTORic: silabi ya pili kutoka mwisho, kama nyumbani. Kinachotaka mazoezi ni -ity, maana mkazo wake hukaa silabi ya tatu kutoka mwisho: ACtive, acTIVity, CUrious, curiOSity. Ukitamka activity kwa mkazo wa Kiswahili, msikilizaji wa Kiingereza atachelewa kulitambua neno, hata kama herufi zote umezitamka vizuri.

Angalizo moja: si kila mgeni anasogeza mkazo. -ment na -able zimezoea ugenini kiasi cha kutulia kama wenyeji. GOVern hubaki GOVernment, na -able imekubali hata mashina ya Kijerumani, kama drinkable.