Umepungua kilo haraka halafu nywele zinapukutika? Hesabu miezi kwanza

Karibu kila anayekuja kliniki na hili tatizo anakuja na ushahidi. Wengine wamezikusanya nywele kwenye kimfuko, wengine wamepiga picha sakafu ya bafu, na swali la kwanza ni lile lile, dokta nitumie shampuu gani. Mimi nami nina swali langu: miezi mitatu iliyopita ulikuwa unafanya nini? Hapo mtu ananyamaza anahesabu, alafu anasema aah, ndo kipindi kile nilikuwa nimebana sana kula, au ndo nilikuwa nimetoka kufanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo la chakula, au ndo nilikuwa nimeanza zile sindano za kupunguza uzito. Basi tumeshafika mbali, kwa sababu unywele unaouokota kwenye mto leo ulishaacha kukua zamani, wewe ndo unapata habari sasa hivi.

Ngoja nieleze inavyokwenda, maana ukielewa sehemu hii nusu ya wasiwasi inaisha. Kichwa cha mtu mzima kina nywele kama 100,000 hivi na kila mmoja una ratiba yake. Kwa kawaida asilimia 85 mpaka 90 ziko kwenye kipindi cha kukua, ambacho kinachukua miaka 2 hadi 6 au zaidi, alafu zinakuja wiki 2 au 3 za mpito, alafu unywele unaingia mapumzikoni kwa kama miezi 3, mwisho unadondoka. Kwa vile ratiba hazifanani, kwa siku zinadondoka 50 mpaka 100 na hakuna anayejali. Sasa mwili ukipata mshtuko mkubwa, kundi kubwa la nywele zilizokuwa zinakua linasimama kwa mpigo na kuingia kupumzika kwa mpigo. Siku hiyo huoni kitu. Mwezi unaofuata pia huoni kitu. Mpaka hiyo miezi 2 au 3 iishe ndo zinaanza kutoka kwa mafungu, na wakati huo wewe umeshapungua, nguo zinakukaa vizuri, watu wanakusifia, unajisikia una afya kuliko zamani, kwa hiyo akili inakataa kabisa kuunganisha hivi vitu viwili na unaanza kulaumu mafuta uliyobadilisha wiki iliyopita au maji unayonawia.

Kitaalamu hali hii inaitwa telojeni efluviamu, na aliyeieleza kwa jina hilo ni daktari wa ngozi wa Marekani, Albert Kligman, mwaka 1961. Vinavyoileta ni vingi, homa kali, kujifungua, upasuaji mkubwa, kupoteza damu, matatizo ya tezi ya thairoidi, dawa fulani fulani. Kupungua uzito kwa kasi kuna ujanja wake kwa sababu mara nyingi hakuji peke yake: umepungua kwa sababu ulifanyiwa upasuaji, kwa hiyo kuna mshtuko wa upasuaji wenyewe, juu yake huli, juu yake madini ya chuma yanashuka.

Na kwa nini nywele ndo ziumie? Zile seli za chini kabisa ya unywele, ndani ya ngozi, zinagawanyika kwa kasi kuliko karibu seli zozote za mwili, zinataka nishati na protini na chuma kila saa, na unywele wenyewe karibu wote ni protini inayoitwa keratini. Ukishusha chakula mpaka chini ya kalori 800 kwa siku, mwili unaanza kuchagua nani ale kwanza, na moyo hauwezi kusubiri, ubongo hauwezi kusubiri, nywele zinaweza.

Kuhusu sindano za kupunguza uzito, hili naulizwa kila siku siku hizi. Kwenye majaribio ya Wegovy, moja ya sindano hizo, kwa watu wazima, kama asilimia 3 waliripoti kupoteza nywele, wakati waliopewa sindano isiyo na dawa ilikuwa asilimia 1. Kwa Zepbound, sindano nyingine ya aina hiyo, ilikuwa juu zaidi kidogo na tofauti ya jinsia ni kubwa, asilimia 7.1 ya wanawake na 0.5 ya wanaume. Mwelekeo unaonekana kwamba kinachosukuma hasa ni ule uzito unaoshuka, sio kwamba dawa inaenda kuua nywele. Ila dawa inakata hamu ya kula, na mtu asiyesikia njaa anaweza kumaliza siku nzima na kikombe cha kahawa na vipande viwili vya tunda akaona amekula. Hapo ndo penye shida.

Sasa chukua unywele mmoja uliodondoka uangalie mwisho wake kwenye mwanga. Ukiona kadonge keupe, watu wengi wanaingiwa na hofu wanasema mzizi umeng'oka. Hapana, mzizi umebaki ndani ya ngozi, mzima. Kale kadonge ni alama kwamba unywele ulimaliza muda wake wa kupumzika, na mara nyingi chini yake mpya umeshaanza kupanda, kama jino la utoto linavyosukumwa na la ukubwa. Kama hakuna kadonge na ncha imechanika tu, huo umekatika njiani, na tatizo ni lingine, joto la pasi au kemikali au kusuka kwa kubana. Wengi wanakuwa na yote mawili kwa pamoja, kwa hiyo angalia nywele kadhaa kabla ya kuamua.

Tukija kwenye vidonge. Hapa niseme ukweli, ndo mahali pesa nyingi za watu zinapotea, na saa nyingine ndo mahali wanapojiumiza. Mtu anaona nywele zinatoka, anaenda kununua makopo matatu ya "nywele, ngozi na kucha", anayameza yote bila kupima chochote. Bayotini kwa mfano, vitamini ya kundi B inayouzwa sana kwa ajili ya nywele, mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 tu kwa siku na upungufu wake wa kweli ni nadra, lakini vidonge vinauzwa vya mikrogramu 5,000 au 10,000. Utasema si itatoka tu kwenye mkojo. Inatoka ndio, ila kabla haijatoka inavuruga vipimo vya damu. Mwaka 2017 FDA, ile mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilitoa onyo kwamba bayotini nyingi inaweza kufanya kipimo cha troponini, kinachotumika kugundua shambulio la moyo, kisome chini kuliko ukweli, na ilitaja mgonjwa mmoja aliyefariki baada ya majibu ya namna hiyo. Inavuruga pia vipimo vya thairoidi, na thairoidi ni moja ya vitu tunavyotaka kuvipima kwa mtu anayepukutika nywele! Kwa hiyo kama unameza, mwambie daktari kabla hajachukua damu, usisubiri akuulize.

Alafu kuna vitu ambavyo vikizidi vyenyewe vinaangusha nywele. Vitamini A ni mojawapo. Seleniamu, aina ya madini, ni nyingine, na mwaka 2008 huko Marekani kirutubisho kimoja cha maji kilichanganywa vibaya kikawa na seleniamu mara 200 ya ile iliyoandikwa kwenye lebo, watu 201 wakaugua, na kupoteza nywele ilikuwa moja ya dalili kubwa. Zinki nayo ukiimeza nyingi kwa muda mrefu inashusha shaba mwilini, unajikuta na upungufu wa damu ambao hukuwa nao. Sisemi vidonge ni haramu. Aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza tumbo lazima ameze vitamini alizoandikiwa, tena kwa maisha yote, hilo halina mjadala, sababu njia ya kufyonza imebadilishwa. Nachosema pima kwanza, ongeza kinachopungua, basi.

Vya kupima sio vingi: wingi wa damu, feritini ambayo ni akiba ya chuma, thairoidi, vitamini D, na kwa waliofanyiwa upasuaji ongeza B12 na zinki. Feritini ina utata wake. Majibu yanaweza kuandikwa "kawaida" wakati iko 18 (nanogramu kwa mililita), na kwa maana ya upungufu wa damu ni kweli uko sawa, lakini madaktari wengi wa nywele wanapenda ipande juu ya 40 na mimi ni mmoja wao, ingawa wenzetu wengine wanabisha na ushahidi wenyewe haujanyooka. Pia feritini inapanda yenyewe ukiwa na homa au uvimbe mwilini, kwa hiyo ukipima ukiwa na mafua makali utadanganyika. Na chuma usikinywe kwa kubahatisha, kikizidi kinajaa kwenye ini.

Chakula sasa. Protini ndo ya kwanza, na ndo inayokosekana kwa karibu kila ninayemuona. Waliofanyiwa upasuaji huwa tunawaambia walenge angalau gramu 60 mpaka 80 kwa siku, na anayepungua kwa njia nyingine gramu 1 hadi 1.5 kwa kila kilo ya uzito anaotakiwa kuwa nao ni lengo zuri, isipokuwa kama una ugonjwa wa figo, hapo uongee na daktari wako kwanza. Yai moja lina kama gramu 6, kwa hiyo unaona mwenyewe yai moja asubuhi na saladi jioni havifiki popote. Anza sahani na protini, mayai, samaki, nyama, kuku, maharage, maziwa, chochote unachokula, kisha mboga, wanga ije mwisho, maana tumbo likijaa mapema angalau kilichobaki kwenye sahani sio kile ulichokuwa unakihitaji zaidi.

Kuosha nywele hakuzipukutishi. Narudia kwa sababu watu wanaacha kuosha wiki mbili kwa woga, alafu wakiosha zinatoka zote zilizokuwa zimeshaachia zikasubiri humo humo, wanazidi kuogopa. Osha kama kawaida, punguza joto, usibane, usivute. Mafuta ya kupaka yatafanya nywele zing'ae lakini hayawezi kurudisha ratiba nyuma.

Minoksidili, ile dawa ya kuotesha nywele? Inasaidia baadhi ya watu, ila kwa mtu ambaye chanzo chake kinajulikana na kimepita mimi mara nyingi sianzi nayo, kwanza kwa sababu zitarudi bila hiyo, pili yenyewe inaweza kuongeza kupukutika kwa wiki za mwanzo na mtu ambaye tayari amepaniki hawezi kuvumilia. Naifikiria zaidi pale ambapo chini ya hili tatizo kuna upara wa kurithi uliokuwa umejificha, na hii inatokea sana: nywele zilikuwa zinapungua polepole miaka yote, hukuona, sasa wingi umeshuka ghafla na mstari wa katikati unaonekana mpana.

Itachukua muda gani? Kupukutika kwenyewe mara nyingi kunaisha ndani ya miezi 3 mpaka 6 tangu kuanze, kama chanzo kimeondoka. Lakini kuacha kudondoka na kuonekana zimejaa ni vitu viwili, kwa sababu unywele unakua kama sentimita 1 kwa mwezi, kwa hiyo mwenye nywele za kufika mabegani asitegemee ujazo wa zamani chini ya mwaka na zaidi. Dalili ya kwanza nzuri ni vinywele vifupi vilivyosimama kwenye paji la uso, vinakera kweli, havilali. Usihesabu nywele kila siku, inakuongezea stresi bure, piga picha moja kwa mwezi, sehemu ile ile, mwanga ule ule. Ukitaka kukata fupi kata, ukitaka wigi lisilobana vaa, kusubiri mwaka mzima ukikikwepa kioo sio lazima.

Ila sio kila nywele zinazotoka baada ya kupungua ni hili. Likitoka duara tupu, au nyusi nazo zinaondoka, au ngozi ya kichwa inauma, inawasha sana, ina magamba au makovu yanayong'aa, au imepita miezi 6 na bado zinadondoka kwa kasi ile ile, usijitibu, nenda ukaonwe. Na kama hedhi imekata, unasikia baridi muda wote, unazimia zimia, au wazo la kula kawaida linakutia hofu, hapo nywele ni suala dogo sana na unahitaji msaada haraka, bila aibu.

Linabaki lile swali la mwisho ambalo watu huuliza wakiwa wameshika kitasa cha mlango: je niache kupungua? Kama bado unashuka kilo 3 au 4 kwa wiki, punguza kasi, nusu kilo mpaka kilo moja kwa wiki inatosha. Kama ni sindano usiikatishe mwenyewe, ongea na aliyekuandikia, inawezekana ni kuchelewesha tu kupandisha dozi. Na kama uzito ulishatulia kabla nywele hazijaanza kutoka, hakuna cha kuacha tena, wewe kula vizuri, kapime damu, na urudi nikuone baada ya miezi mitatu.