Dhana potofu kuhusu kuomba kazi ya dansi ya tumbo mgahawani, na ukweli wake

Naulizwa sana na mabinti (na vijana wa kiume pia, wapo na wanacheza vizuri tu) wanaotaka kuanza kucheza dansi ya tumbo (ile ya Kiarabu ya kuchezesha kiuno na tumbo) kwenye migahawa, na karibu wote wanakuja na mawazo yaleyale ambayo hata mi nilikuwa nayo. Mengine yanakukosesha kazi we mwenyewe, mengine yanawakosesha wenzio.

DHANA: Nikicheza vizuri tu meneja atanichukua.

Hapana jamani. Meneja hanunui dansi, ananunua meza zilizojaa. Kichwani kwake kuna usiku fulani wa wiki ambao watu hawaji, anajiuliza nikimlipa huyu je watu wataongezeka, wakija watakaa waagize tena au watasimama njiani kurekodi na simu mpaka wahudumu washindwe kupita na sinia za moto. Sasa we ukifika unaanza kumsimulia miaka uliyosoma na walimu uliopitia, yeye anakusikiliza kwa heshima tu alafu anakwambia tutakupigia.

Kazi yangu ya kwanza sikuipata kwa kiuno. Nilienda kula pale mara mbili kama mteja wa kawaida, nikaangalia meza zimepangwaje, spika ziko wapi, sakafu inateleza au la, alafu nikaona usiku wa katikati ya wiki pamepoa kabisa, ndo nikamwambia mwenye mgahawa naomba usiku huohuo uliopoa, sio ule wa mwisho wa wiki ambao watu tayari wanakosa viti. Nikamwambia nitacheza mara mbili, kila mara dakika 15 mpaka 20, baada ya watu kuletewa chakula cha kwanza, na nitapita njia hii na hii. Hapo ndo akavuta kiti akakaa.

DHANA: Nenda jioni, bosi ndo anakuwepo.

Anakuwepo ndio, ila hana muda na wewe. Nenda pale watu wa mchana wamekwisha na wa jioni hawajaanza kuingia. Vaa nguo za kawaida za heshima, sio vazi la dansi. Beba kadi yako, picha mbili tatu, na video moja ya dakika 2 au 3 tena iwe ya kweli, umecheza karibu na watu, haijakatwakatwa na kuongezewa mataa. Usimwachie mhudumu ujumbe, uliza nani anaamua mambo ya burudani na lini anapatikana. Akitaka kukuona, kubali wimbo mmoja mfupi muda ambao pametulia. Usiku mzima mbele ya wateja wanaolipa sio majaribio tena, hiyo ni kazi.

DHANA: Mwanzoni cheza bure au kwa bei ya chini, ukishazoeleka utapandisha.

Hili ndo linaniuma kuliko yote. Hupandishi. Mtu aliyezoea kupata kitu bure ukimwambia lipa anaona unamdhulumu, anatafuta mwingine wa bure, na kila mwaka darasani wanatoka wapya. Na bei yako sio yako peke yako, ukikubali nusu basi kila mchezaji wa mji wenu kesho yake ataambiwa mbona fulani anachukua nusu. Piga hesabu: vazi, masomo ambayo hayaishi, vipodozi, nauli ya kwenda na kurudi usiku, mazoezi. Kabla hujataja bei waulize waliokutangulia wanachukua ngapi, wengi watakwambia kwa moyo mmoja kwa sababu inawalinda na wao.

Kuna mwenye mgahawa mmoja aliwahi kuniambia kuna binti anataka nusu ya pesa yangu, nikamwambia mpe yeye, sishuki. Akampa kweli. Baada ya miezi michache yule binti naye akaondolewa, kaja mwingine aliyekubali sahani ya chakula tu! Sikufurahi hata kidogo, nilimhurumia, manake hakuna aliyemweleza mapema.

Na kama mgahawa tayari una mchezaji wao, usiende kuomba siku zake. Huko ni kumwagia mwenzio mchanga kwenye kitumbua. Mtafute yeye kwanza, jitambulishe, mwambie uko tayari kumshikia siku akiumwa au akisafiri, nafasi nyingi nzuri zinaanzia hapo.

DHANA: Bakshishi za wateja zitafidia.

Bakshishi sio mshahara. Kuna usiku unajaa na kuna usiku hupati kitu. Kubalianeni kabisa pesa hizo ni zako zote au zinagawanywa na wahudumu, na zinatolewaje: sehemu nyingine mteja anakumwagia noti juu ya kichwa, kwingine wanapenda kuchomeka kwenye mkanda, kwingine kuna kikapu. Kama hutaki kuguswa sema mapema kwa meneja, na ukiwa unacheza pokea kwa mkono huku unatabasamu na kuzunguka, watu wanaelewa haraka sana.

DHANA: Nilichofanya jukwaani nitakifanya vilevile.

Mwaka 1926 Badia Masabni, mchezaji na mwenye kumbi za burudani, alifungua ukumbi wake Cairo, Misri, na ni kwenye kumbi kama ule ambapo dansi hii ilipanuliwa ijae jukwaa, mikono ikafunguka, mchezaji akaanza kutembea huku na kule. Wachezaji maarufu Tahia Carioca na Samia Gamal walipitia kwake, na Samia akajulikana kwa kuingia na shela. Sasa we mgahawani jukwaa huna, una kanjia kati ya viti, mishumaa juu ya meza na mtoto anayekimbia. Shela ikigusa mshumaa ndo mwisho wa kazi, na upanga, ule ambao wengine wanacheza nao kichwani, usiuguse bila ruhusa ya mwenye mgahawa. Miondoko midogo ya kiuno, mtetemo, na matoazi madogo ya vidoleni vinafanya kazi kubwa zaidi hapo. Muziki nao, nyimbo za Umm Kulthum, yule mwimbaji mkubwa wa Misri, jukwaani zilikuwa zinaweza kufika saa nzima, hivyo andaa vipande vifupi, na ujue maneno yanasema nini! Sio wimbo wa dini, sio wa msiba, wapo wateja wanaoelewa kila neno na watakutazama kwa mshangao.

DHANA: Ni migahawa ya Kiarabu tu.

Si kweli, kuna ya Kituruki, ya Kigiriki, na hata isiyohusiana kabisa ila inataka usiku wa burudani. Na ipo ya Kiarabu ambayo mwenyewe hataki dansi kabisa kwa sababu ya imani au familia zinazokuja pale. Akikataa shukuru uondoke.

DHANA: Dansi hii ni ya kuwatega wanaume, kwa hiyo ndo unachouza.

Jina hili la dansi ya tumbo limetokana na Wafaransa walioiita danse du ventre, na Marekani likavuma na maonyesho ya dunia ya Chicago mwaka 1893. Kiarabu inaitwa raqs sharqi, dansi ya mashariki, na nyumbani kwake watu wanacheza harusini mbele ya mama zao na watoto. Mgahawani anza na meza zenye wanawake na watoto, wakikupenda wao ukumbi wote ni wako. Mke akikasirika mume haji tena, na meneja analijua hilo kabla yako. Vaa joho juu ya vazi mpaka muziki uanze na ukimaliza livae tena, usikae kunywa na wateja, na uliza mapema utabadilishia nguo wapi kwenye mlango unaofungika.

DHANA: Tukishapeana mikono imetosha.

Andikianeni, hata ukurasa mmoja. Siku, saa, mara ngapi, pesa ngapi, na inalipwa usiku uleule kabla hujaondoka. Wakifuta shoo siku hiyohiyo unalipwa kiasi gani. Nchi nyingi mgahawa unatakiwa kulipia haki ya kupiga muziki hadharani, hilo ni la mwenye mgahawa, ila liulize. Na meneja uliyemwomba kazi asipokujibu ndani ya wiki moja mpigie mara moja tu, mwambie kwa upole unakumbushia, kisha nenda kwenye mlango unaofuata na kadi nyingine mkononi.