Je, wajua kwa nini shule isiyo na ada bado ina michango?

Mkutano wa wazazi ulikuwa uanze saa tatu asubuhi, ukaanza saa tano. Tulikaa chini ya mwembe ambao watoto wa darasa la pili husomea siku ambazo mvua hainyeshi. Ilikuwa Januari, katika kijiji kimoja cha wilaya ya Uyui, mkoani Tabora, nami nilikuwa mjumbe wa kamati ya shule. Mwalimu mkuu alisoma ajenda: chakula cha mchana, mlinzi, rimu za karatasi za mitihani ya majaribio. Kabla hajafika ya tatu, mama mmoja akasimama, mtoto mgongoni, jembe kaliegemeza kwenye shina.

"Mwalimu, samahani. Mimi nimesikia redioni kwa masikio yangu haya kwamba elimu ni bure. Sasa hili debe la mahindi ni la nini?"

Wazazi wakapiga makofi. Mwalimu mkuu akajibu kwamba shule inahitaji ushirikiano wa wazazi, na jibu hilo halikumridhisha mtu. Baadaye, tukirudi, mjumbe mwenzangu akaniambia, "Wazazi wa huku hawana mwamko." Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo, na ndilo lililonifanya nitafute jibu la swali la yule mama, kwa kuwa lilikuwa swali halali kabisa.

Tuanze na kilichofutwa. Waraka wa Elimu Namba 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutumika Januari 2016, uliondoa ada na michango ya lazima katika shule za serikali kuanzia elimu ya awali hadi kidato cha nne. Mwaka 2022 ada ikaondolewa pia kidato cha tano na sita. Kwa sekondari za kutwa, zile tunazoziita shule za kata, ada iliyofutwa ilikuwa shilingi 20,000 kwa mwaka. Kwa shule za msingi ada ilishafutwa tangu miaka ya mwanzo ya 2000, kwa hiyo kilichoondoka 2016 kilikuwa ule msururu wa michango: ya mlinzi, ya mtihani, ya dawati, ya taaluma, na mingine iliyoongezeka kila muhula.

Waraka mwingine wa 2016 ukaja kufafanua nani anabeba nini. Serikali inalipa mishahara ya walimu, inapeleka ruzuku ya uendeshaji moja kwa moja kwenye akaunti ya shule, inagharamia mitihani ya taifa, na inalipia chakula cha wanafunzi wa bweni. Mzazi anabaki na sare, viatu, madaftari, kalamu, matibabu na nauli. Na mtoto wa kutwa, chakula chake cha mchana ni cha mzazi. Debe la yule mama lilitokea hapo. Redio ilisema "bure", na kwenye mikutano ya hadhara likasemwa "bure", lakini karatasi ilisema ada na michango ya lazima imeondolewa. Kati ya maneno hayo mawili kuna debe zima la mahindi, na hakuna aliyekaa na wazazi kuwaeleza.

Sasa tuingie kwenye hesabu, maana hapa ndipo penyewe.

Ruzuku ya uendeshaji kwa shule ya msingi ni shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka. Kati ya hizo, 4,000 hubaki serikali kuu kwa ajili ya vitabu, na 6,000 ndizo zinazokwenda shuleni. Chukua shule yenye watoto 600, ambayo kwa vijiji vyetu si kubwa. Mara 6,000, unapata shilingi 3,600,000 kwa mwaka, yaani 300,000 kwa mwezi. Humo inunuliwe chaki, zilipwe karatasi na uchapaji wa mitihani ya ndani, zirekebishwe bawaba za milango na madawati yaliyovunjika, mipira ya michezo inunuliwe, choo kifanyiwe usafi, na mwalimu mkuu apate nauli ya kwenda halmashauri. Ukitoa posho ya mlinzi wa usiku, hata iwe ndogo kiasi gani, shule imeshameguka. Mpishi hayumo. Maji ya kupikia hayamo.

Na hiyo 10,000 ina umri. Kiwango hicho kilitoka kwenye Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ulioanza mwaka 2002. Wakati ule kilihesabiwa kama dola 10 za Marekani kwa kila mtoto, na dola moja ilikuwa karibu na shilingi 1,000. Zaidi ya miaka 20 baadaye dola imepita shilingi 2,000, rimu ya karatasi imepanda, bei ya mbao imepanda, lakini ruzuku ikaendelea kuhesabiwa kwa elfu kumi ile ile. Mwalimu mkuu anayeitisha mkutano chini ya mwembe anajaribu kuendesha shule ya leo kwa bajeti ya enzi za Mkapa. Nilipoielewa hesabu hii niliacha kumwona kama mtu anayetafuta hela ya mfukoni, kama wengi wetu tulivyokuwa tukinong'ona.

Wakati huohuo watoto waliongezeka ghafla. Januari 2016 wazazi waliokuwa wakisubiri walileta watoto wote kwa mpigo, wa miaka sita na wa miaka tisa, na darasa la kwanza likafurika nchi nzima. Kuna watu husema mzazi wa kijijini haitaki shule. Basi hao waliojazana mlangoni mwezi ule walitoka wapi?

Wazee wetu wana sababu yao ya kulisikiliza neno "bure" kwa tahadhari, na sababu hiyo ina historia. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mara ya kwanza mwaka 1973. Mwaka uliofuata likaja Azimio la Musoma, na kufikia 1977 kila mtoto wa umri wa kwenda shule alitakiwa awe darasani: ndiyo UPE, elimu ya msingi kwa wote, ambayo hata walimu wake waliofunzwa harakaharaka waliitwa kwa jina hilo. Katikati ya miaka ya 1980 uchumi ulipoyumba, mchango ukarudi, nao ukaitwa mchango wa UPE. MMEM ikaufuta tena. Kisha michango ikaota upya kidogokidogo mpaka waraka wa 2015. Januari 2018 Rais Magufuli akalazimika kupiga marufuku tena, kwa ukali, kwa sababu watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani kwa kukosa mchango. Mzee wa miaka 70 ameshaambiwa "bure" mara tatu katika maisha yake. Akikuuliza "mpaka lini?", anazungumza kwa uzoefu.

Hapa Tabora kuna jambo jingine linaloingia katika mtazamo wa wazazi, ingawa halisemwi sana. Mkoa huu una shule kongwe zenye jina. Shule ya wavulana ya Tabora ilianzishwa na Waingereza miaka ya 1920 hasa kwa ajili ya watoto wa machifu. Mwalimu Nyerere alisoma pale, na baadaye akarudi mjini kufundisha St. Mary's. Mpaka leo Tabora Boys na Tabora Girls ni shule za vipaji maalumu, na vijana hushuka kwenye treni kutoka kila kona ya nchi kuja kusoma kwetu. Mtoto wa Uyui anayaona majengo ya shule hizo akienda sokoni. Kwa hiyo mzazi wa hapa anajua vizuri sana shule ya serikali iliyo nzuri inafananaje. Akiilinganisha na darasa la mwanawe lenye watoto mia na zaidi, hahitaji mtaalamu wa kumweleza tofauti.

Lakini sababu kubwa kuliko zote mkoani kwetu, kwa maoni yangu, ni kalenda.

Shule hufunguliwa Januari. Ndipo sare zinapotakiwa, ndipo aliyechaguliwa kidato cha kwanza anapopewa fomu ya kujiunga yenye orodha ya kauntabuku, viatu vyeusi, sweta, fagio na jembe. Na Januari ndio mwezi mkavu kuliko yote mfukoni mwa mkulima wa tumbaku. Kitalu kilimwagiliwa kabla ya mvua, miche ikahamishiwa shambani mvua zilipoanza, mbolea ikachukuliwa kwa mkopo kupitia chama cha msingi cha ushirika. Januari majani ndiyo yanaanza kukomaa, na ghala la mahindi linaelekea kuisha. Kuanzia hapo ni kuvuna, kukausha kwenye bani kwa kuni usiku na mchana, kupanga madaraja, kufunga marobota. Masoko hufunguliwa kwenye mwezi wa nne au wa tano, na malipo huja baadaye, mkopo ukiwa umeshakatwa. Hela inaonekana Juni, Julai, Agosti. Mwalimu anaitaka Januari.

Kalenda hiyohiyo ndiyo inayomtoa mtoto darasani. Jani la tumbaku likishaiva halisubiri Jumamosi. Familia isiyo na uwezo wa kuweka vibarua inavuna kwa mikono iliyopo nyumbani, na mikono hiyo ni pamoja na ya mtoto wa darasa la tano. Sisemi ni sawa. Nimewaona watoto wakitoka shambani viganja vimenata utomvu mweusi ambao hautoki kwa maji matupu, na nimeona daftari la mahudhurio la Februari lenye alama za utoro kuliko mwezi mwingine wowote. Mtoto anaumia, na masomo anayoyakosa mwezi huo hayarudi. Ila ukimwita mama yake "hana mwamko", umeshindwa kuona kwamba anachagua kati ya siku tatu za masomo na deni la mbolea litakalomfuata mwaka mzima.

Turudi kwenye debe. Debe moja la mahindi lina kama kilo 18. Mwaka wa masomo una siku 194. Gawanya, unapata gramu 90 na ushee kwa mtoto kwa siku. Ni kikombe cha uji na makande kidogo. Ndicho alichokuwa akiombwa yule mama, na ndicho kinachomfanya mtoto aliyeamka saa kumi na moja alfajiri, akatembea kilomita tano bila kutia kitu mdomoni, aweze kufuatilia hesabu za saa saba mchana. Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa akisema anaujua mchana bila kuangalia saa: vichwa vinaanza kulala juu ya madawati, kimoja baada ya kingine, kuanzia dawati la nyuma.

Nilimfuata yule mama wiki ile, nyumbani kwake. Nilimkuta anachambua maharage. Nikamweleza hesabu ya gramu 90, nikamweleza 6,000 inavyogawanyika. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, mimi sikukataa kutoa. Nimekataa kutoa nisichokiona." Akanisimulia kwamba mwaka uliotangulia alitoa fedha za madawati, risiti hakupewa, na mwanawe akaendelea kukaa chini. Watu wazima watatu pale kijijini walikuwa na habari ya namna hiyo kila mmoja.

Nadhani hicho ndicho kiini cha maoni ya wazazi wengi niliozungumza nao kuhusu shule za serikali. Wameshuhudia mengi mazuri, na wanayataja wenyewe: madarasa yaliyojengwa kwa fedha za Uviko mwaka 2021, shule shikizi zilizosogezwa karibu na vitongoji vya mbali kule Kaliua, watoto wa kike wanaofika kidato cha nne kuliko zamani. Wanachokidai ni kuambiwa ukweli kuhusu gharama na kuonyeshwa hela yao ilikokwenda.

Kamati ikafanya mambo mawili. Tulibandika mapato na matumizi kwenye ukuta wa ofisi, upande wa nje, kwa maandishi makubwa ya kalamu nyekundu na bluu: ruzuku iliyoingia, chaki, karatasi, ukarabati, salio. Ilikuwa ajabu kuona wazee wakisimama pale na miwani, wakisomeana. Halafu tukaamua mchango wa chakula uwe wa hiari kweli, uandikwe na mwakilishi wa wazazi na si mwalimu, uletwe kuanzia mwezi wa sita baada ya mavuno na soko, na asiye na mahindi alete kuni au zamu ya kuchota maji. Muhula wa kwanza watoto wakanywa uji wa akiba ndogo iliyokuwepo, siku tatu kwa wiki, mpaka ukaisha. Hatukuwa na njia nyingine.

Juni, Jumatatu ya pili, niliwahi shuleni kusaidia kupima. Stoo ilikuwa imefagiliwa, mzani wa kuning'iniza umefungwa kwenye boriti. Yule mama alifika na baiskeli, gunia limefungwa kwa kamba za mpira za tairi. Tukapima: kilo 37. Akaomba daftari, akatafuta jina la mwanawe mwenyewe kwa kidole, akaangalia nilivyoandika tarakimu, kisha akauliza kama karatasi ya ukutani ya mwezi wa tano ilishabandikwa.