Kisima chako, choo cha jirani: maswali kuhusu maji ya pembezoni mwa Arusha

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha. Ile ya 2022 ikakuta 617,631. Ukitaka kujua hao laki mbili wamejenga wapi, panda daladala uende Muriet, Olasiti au Moshono. Huko nyumba huweza kumalizika kabla bomba halijafika, na mwenye nyumba huchimba kisima au huita boza. Maswali haya huja na maji hayo.

Nachemsha maji kila siku. Mbona meno ya mwanangu yametoka na madoa ya kahawia?

Pole, mama. Moto unaua vijidudu, lakini madoa hayo yanaletwa na madini ya floraidi, na madini hayafi. Yanatoka kwenye miamba ya volkano ya Mlima Meru na kuyeyuka ndani ya maji ya ardhini. Chukua sufuria ya lita 5 yenye miligramu 3 za floraidi kwa kila lita: jumla 15. Ikichemka hadi zikabaki lita 4, zile 15 zote bado zimo, na sasa kila lita ina karibu 3.8. Shirika la Afya Duniani linashauri zisizidi 1.5.

Basi niache kuchemsha?

Thubutu! Kipindupindu na homa ya matumbo haviko mbali na shimo la choo. Ushauri wa kawaida ni kwamba kisima kikae angalau mita 30 kutoka chooni, na choo kisiwe upande wa juu wa mteremko. Sasa pima kiwanja cha mita 20 kwa 20: hata kona kwa kona hupati 29. Maana yake, ukichimba choo na kisima humo, umeshavunja kanuni kabla fundi hajaomba chai. Na hata ukikiweka choo chako kona ya mbali, cha jirani kiko nyuma ya ukuta, pengine hatua kumi tu kutoka kwenye pampu yako. Chemsha, au tia dawa ya klorini kama pakiti inavyoelekeza.

Kisima changu ni kirefu na maji ni maangavu kama kioo. Bado nina shaka ya nini?

Floraidi haina rangi wala harufu. Na kwa ardhi ya Meru, kwenda chini zaidi hakukuhakikishii chochote. Visima viwili vya mtaa mmoja vinaweza kutofautiana sana. Peleka sampuli maabara ya maji, uombe wapime floraidi pamoja na bakteria. Ukinunua kwa boza, muulize dereva amejaza wapi. Akianza kuzungukazunguka, una jibu lako.

Nikishapimiwa, floraidi ikawa juu, nafanyaje?

Huhitaji kusafisha tanki zima. Maji ya kufulia na kuogea yaache yalivyo. Tenga ndoo ya kunywa na kupikia, na kwanza iwe ya watoto wa chini ya miaka 8, kwa kuwa meno yao ya ukubwani bado yanajengwa ndani ya fizi. Maji ya mvua yanafaa, mradi yale ya kwanza yanayoosha bati uyaache yapite, na ya kunywa uyachemshe. Kuna pia chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe, kazi iliyofanyiwa utafiti kwa miaka mingi kule Ngurdoto. Mkaa huo huchoka. Usipoubadilisha, unachuja kwa mazoea tu.

Halafu magadi. Najua makande bila magadi ni ugomvi na gesi, lakini magadi yetu mara nyingi yana floraidi nyingi. Loweka maharage usiku kucha, yataiva bila hayo.

Mtoto wa miezi minne je?

Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana, hata kama mama anakunywa maji hayo hayo. Usimpe maji wala uji kabla ya miezi sita.

Na sisi watu wazima?

Jino lililokwisha kuota halipati madoa haya. Mifupa ndiyo ya kuangalia: miaka mingi ya floraidi nyingi huleta maumivu na ukakamavu wa viungo.

Naweza kuyasugua madoa kwa mkaa au mchanga?

Hapana. Doa limo ndani ya jino. Utakachoondoa ni jino lenyewe. Daktari wa meno anaweza kulipunguza au kulifunika.