Dispensa ya Maji Inapovuja: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Katika nyumba nyingi za Kisumu, dimbwi la maji likionekana asubuhi chini ya dispensa, hukumu hutolewa papo hapo: tangi la ndani limetoboka, aitwe fundi. Hukumu hiyo huwagharimu watu fedha bure, kwa sababu katika dispensa inayowekewa mtungi juu, wa kwanza kushukiwa ni mtungi wenyewe.

Tuangalie kinachouzuia mtungi wa lita 20 uliopinduliwa usimwage maji yote kwa mkupuo. Maji hushuka ndani ya bakuli la mashine mpaka yanapoufunika mdomo wa mtungi. Hapo hewa hukosa njia ya kupanda, na shinikizo la hewa ya nje huyashikilia maji yaliyosalia juu. Ukikinga kikombe, kiwango cha maji hupungua kidogo, mdomo huachwa wazi, hewa hupanda kwa ule mlio wa viputo tuliouzoea, kisha mdomo hufunikwa tena. Lakini mtungi ukiwa na ufa, hata uwe mwembamba kama unywele, hewa hupenya humo wakati wote, maji huendelea kushuka, bakuli hujaa, na yanayofurika huteremka ndani ya kabati la mashine yakatokea chini, mbali kabisa na chanzo chake.

Ndiyo maana hoja ya kwamba mtungi ni mzima kwa kuwa haudondoki hata tone haina nguvu. Mtungi uliopinduliwa juu ya mashine huvuta hewa ndani kupitia ufa badala ya kutoa maji nje, kwa hiyo utauona mkavu huku sakafu imelowa. Usimamishe wima, ukiwa na maji, juu ya gazeti kavu, uuache usiku kucha. Gazeti likilowa, umepata jibu. Njia ya haraka zaidi ni kuweka mtungi mwingine. Dalili nyingine ni kwamba uvujaji ulianza siku mtungi mpya ulipoletwa, na unakoma mtungi unapoisha.

Mitungi hii huzunguka sana: hurudishwa, hujazwa tena, husafirishwa kwa tuktuk na bodaboda kwenye barabara zenye mashimo, na kugongana njia nzima. Ni haki ya mnunuzi kuuinua kwenye mwanga na kukagua kitako, mabega na shingo kabla ya kulipa. Kuziba ufa kwa gundi ya kawaida si tiba, kwani gundi hiyo haikutengenezwa kukaa na maji ya kunywa. Tena, mtungi uliobaki nusu usiwekwe panapopigwa na jua la alasiri: hewa iliyomo hupata joto, hutanuka, na kuyasukuma maji chini.

Dhana ya pili ni kwamba kila unyevu ni uvujaji. Kisumu iko kando ya ziwa, na hewa yake hubeba mvuke mwingi, hasa katika mvua za masika. Mvuke huo ukigusa sehemu baridi za mashine hugeuka matone. Zima swichi ya ubaridi iliyo nyuma kwa usiku mmoja. Jasho litakauka, uvujaji wa kweli utaendelea. Jasho likizidi kuliko kawaida, huenda themostati, kifaa kinachodhibiti joto, imekwama na barafu inajijenga kwenye tangi la baridi, na hilo ni la fundi.

Wapo pia wanaoamini kwamba maji hayo ni gesi iliyovuja. Gesi ya kupozea ikitoka huyeyukia hewani bila kuacha dimbwi, na dalili yake ni maji kutopoa. Dispensa nyingine ndogo hazina hata kompresa, yaani pampu inayoisukuma gesi hiyo.

Mfereji unaodondoka, wengi huukaza kwa spana. Mara nyingi kilichochakaa ni mpira mdogo wa ndani, au kipande cha uchafu kimeuzuia usifunge vizuri. Nguvu ya spana hupasua uzi wa plastiki wa kukazia mfereji, na sasa unahitaji mfereji mzima. Kaza kwa mkono tu. Usisahau kifuniko cha kutolea maji kilicho nyuma, karibu na chini, ambacho aghalabu hulegea baada ya mashine kusafishwa.

Dhana iliyo hatari kuliko zote ni kwamba tone moja moja halidhuru. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240, na maji yanayoteremka ndani ya kabati hupita karibu na nyaya. Zima soketi kwa mkono mkavu, chomoa plagi, kisha subiri tangi la moto lipoe kabla ya kufungua chochote.

Kwa walio Nakuru, kuna jambo la ziada. Mji huo uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,850, ambapo maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, wakati Kisumu, kwenye takriban mita 1,130, huchemka kwenye nyuzi 96. Themostati iliyopangwa kufikia nyuzi 95 inaweza kuyachemsha maji ya Nakuru mfululizo, na mfereji wa moto ukatema mvuke na matone ingawa hakuna kilichopasuka. Fundi anaweza kuishusha.

Baada ya matengenezo, rudisha mtungi kwanza, fungua mfereji wa moto mpaka maji yatoke bila kukatika, ndipo uwashe kipasha joto, kwa maana tangi likiwashwa tupu kifaa hicho huungua.