Kiti kimoja, Uchina mbili

Dhana: Wakomunisti wa Uchina wana kura ya turufu, yaani uwezo wa kuzuia peke yao uamuzi wa Baraza la Usalama, tangu Umoja wa Mataifa uundwe.

Hapana. Kiti cha mwaka 1945 kilikuwa cha Jamhuri ya Uchina, serikali ya Chiang Kai-shek. Alipofukuzwa bara na majeshi ya Kikomunisti ya Mao mwaka 1949, Chiang alikimbilia Taiwan na kiti akaondoka nacho. Kwa miaka 22 kisiwa kikawa kinaisemea bara nzima. Mwaka 1955 kiliitumia turufu hiyo kuizuia Mongolia isijiunge na Umoja.

Mambo yaligeuka New York, 25 Oktoba 1971, Baraza Kuu lilipopigia kura azimio la kuipa kiti hicho Jamhuri ya Watu wa Uchina, dola ya Wakomunisti: kura 76 za ndiyo, 35 za hapana, 17 hazikuegemea popote. Tanzania ilikuwa miongoni mwa waliolidhamini azimio, na balozi wake, Salim Ahmed Salim, hajatimiza hata miaka 30. Shangwe za ukumbini siku ile ziliwakera Wamarekani. Mwaka 1981 Salim alipowania ukatibu mkuu, Marekani ilimpiga turufu raundi baada ya raundi, Uchina nayo ikampiga Kurt Waldheim, katibu mkuu wa wakati huo, mara 16. Mwishowe wote wawili wakakaa pembeni, nafasi akaichukua Javier Pérez de Cuéllar.

Dhana: azimio hilo, namba 2758, liliikabidhi Taiwan kwa Beijing.

Lisome, ni fupi. Jina la Taiwan halimo kabisa. Linairudishia Jamhuri ya Watu haki zake na kuwatoa "wawakilishi wa Chiang Kai-shek", basi. Beijing inasema suala lilikwisha hapo. Washington inasema kilichoamuliwa ni kiti tu. Ugomvi wa leo, kwa sehemu kubwa, ni juu ya neno ambalo halikuandikwa. Na kisiwa chenyewe Jamhuri ya Watu haijawahi kukitawala hata siku moja: Japani ilikichukua mwaka 1895, ikakaa nacho miaka 50, kikaingia mikononi mwa serikali ya Chiang.

Dhana: vile vistari vya ramani ambavyo Uchina huvitumia kudai karibu Bahari yote ya Uchina Kusini walivibuni Wakomunisti.

Vilichorwa na serikali ya Chiang, kwenye ramani ya 1947, vikiwa 11. Beijing ilivirithi, ikafuta viwili upande wa Vietnam. Jopo la kimataifa la usuluhishi lilipoipa Ufilipino ushindi dhidi ya madai hayo mwaka 2016, Beijing iliikataa hukumu. Taipei, serikali ya Taiwan, nayo ikaikataa.